Mwiko wa Mashoto

Wifi yangu alinitambua kabla sijamaliza ngazi za kituo cha treni. Nilijua, kwa sababu tabasamu lake halikuondoka mdomoni bali lilikauka pale pale, kama mtu aliyeng'ata kijiwe kwenye wali mbele ya wakwe na anaona haya kutema.

Na nilikuwa nimejitahidi. Nilivaa kofia pana ya majani, miwani ya jua ya mkwe wangu, na mgongoni nilibeba mfuko wa mjukuu wangu wenye picha ya paka. Kwa miaka yangu sabini na mmoja nilifanana na mtalii kabisa, nilichokosa ni kuungua jua tu. Lakini wifi ni wifi. Huyo angenitambua hata kwa kikohozi.

"Karibuni, wageni wetu!" akasema kwa sauti ya redio. Tulikuwa tisa. Akanigeukia. "Na wewe, mama, umetoka mbali?"

"Mbali sana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona jiji."

"Mara ya kwanza! Basi shika mfuko wako vizuri. Hapa kuna wezi."

"Nimesikia," nikamjibu. "Nasikia wengine wamepigwa picha kabisa, wakatundikwa ukutani."

Mzee mmoja katika wageni, mstaafu wa posta, akacheka akidhani ni mzaha. Wifi naye akacheka, maana angefanyaje? Alikuwa kazini. Siku hiyo nzima asingeweza kunifukuza mbele ya wageni wake, na mimi nisingeweza kumkwida shati. Tukaanza safari.

Sasa niseme nilichofuata, mtu asije akadhani nilikaa kwenye treni kwa saa sita kwa ajili ya kuangalia maua.

Jirani yangu, fundi cherehani, alikwenda jijini akarudi na kipeperushi. Kimeandikwa: "Lijue Jiji Upya! Chakula, utamaduni na bustani. Siku nzima na Mama Mkahawa, mpishi wa maharage yaliyolisha jiji." Na picha: wifi yangu amesimama kando ya kabati la kioo, kidole shavuni kama bibi harusi. Ndani ya kabati kuna sufuria kubwa na mwiko mrefu. Chini, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kutoka nje kwenye mwanga, pameandikwa kwamba Jumamosi hii mwiko huo wa kihistoria utatumika kwa mara ya mwisho mbele ya wageni, na Jumatatu utafungiwa kwenye kioo daima, pamoja na kibao cha shaba chenye jina la mwenyewe.

Mwenyewe! Wifi yangu huyo huyo ambaye angeweza kuunguza hata maji ya kuoga.

Sufuria ni yangu. Mwiko ni wangu. Nilivitumia miaka ishirini na miwili kwenye mkahawa nilioufungua na marehemu mume wangu, kaka yake huyo mama. Nilipika mimi. Ila Mungu aliniumba mashoto. Wiki ya kwanza tu mteja mmoja alichungulia jikoni, akaniona nakoroga kwa mkono wa kushoto, akasukuma sahani yake akaondoka, na meza nzima ikamfuata. Wifi hakunigombeza. Alikwenda dukani akarudi na kitambaa cha maua ya njano, akakitundika mlangoni mwa jiko. "Wewe pika, wifi," akasema. "Mimi nitaonekana."

Basi alionekana. Alibeba sahani, akacheka na watu, akaulizia watoto wao. Watu wakamwita Mama Mkahawa. Mimi walinijua kwa harufu.

Mume wangu alipofariki, udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka wifi aliponiambia nirudi kwetu. Nikaomba sufuria na mwiko tu. Akasema, "Ni vya kaka yangu." Kaka yake, aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa kopo gani! Niliondoka na nguo zangu na lile pazia, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimelitia chini ya godoro. Siku hiyo lilikuwa ndani ya mfuko wa paka, limekunjwa vizuri, kama shahidi anayengoja kuitwa.

Lakini shahidi wa kitambaa anathibitisha nini? Nikisema "ni vyangu", nani atamwamini ajuza aliyeshuka treni, dhidi ya Mama Mkahawa wa kwenye kipeperushi? Karatasi sina. Mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kusema ukweli ule akaaminiwa, naye ndiye aliyekuwa ananiangalia kwa jicho la kunichoma. Kwa hiyo nilikuja kumsaidia aseme. Namjua. Mtukane, atacheka. Mpige, atalia kwa ustadi. Lakini akikuona unafanya jambo visivyo, hawezi kunyamaza hata umfunge mdomo kwa gundi. Huyu mama alimsahihisha mchimba kaburi wa kaka yake.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa uchochoro nyuma ya soko la matunda. Tulipewa vipande vya nanasi kwenye vijiti. Mgeni mmoja akakishika kijiti chake kwa juu, wifi akamsahihisha. Mwingine akatema mbegu ya tikiti pasipotakiwa, akamsahihisha naye. Nikatafuna nanasi langu nikitabasamu. Dawa ilikuwa bado ina nguvu.

"Na hapa," akasema, amesimama mbele ya duka la kinyozi, "ndipo nilipoanza. Jiko moja, sufuria moja na moyo."

"Moyo wa nani?" nikauliza.

"Wangu, mama mgeni."

"Aa. Nilidhani umeazima."

Tukaingia. Kinyozi alikuwa akimnyoa mtu, kiti chake kimewekwa pale pale lilipokuwa jiko langu. Kila kitu kilipakwa rangi upya, ukuta hadi ukuta, ila dari waliipuuza, na pale juu ya kichwa cha yule mteja lilikuwepo doa jeusi la duara, pana kama ungo. Masizi yangu. Wageni wote wakaangalia picha ukutani, wifi akiwaeleza. Mimi nikaangalia dari mpaka shingo ikauma.

"Umepotewa na kitu, mama?" wifi akaninong'oneza, meno yamebana. "Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kutembea, wifi. Jiji ni zuri. Sikujua lina mbingu."

"Ukiniharibia siku yangu nitakuonyesha."

"Nionyeshe. Si ndiyo kazi yako siku hizi?"

Akavuta shali yake, akatoka, akaita wageni kwa sauti ya asali.

Makumbusho yalikuwa na ubaridi na harufu ya dawa ya mbao. Mtunza makumbusho, mwanamke wa makamo mwenye miwani na funguo nyingi kiunoni, alitupokea na daftari mkononi. Alikuwa mtu wa taratibu, wa kuuliza jambo mara mbili. Nikampenda papo hapo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mambo ya zamani ya jiji: kitanda cha chuma, redio ya mbao, viatu vya mfagiaji barabara. Halafu kabati lile. Sufuria yangu walikuwa wameisugua ikang'aa kama mwezi, kitu ambacho mimi sikuwahi kukiweza, na ule mbonyeo wa siku mume wangu alipoiangusha ulikuwa umegeuzwa upande wa watu. Mwiko umelazwa juu ya kitambaa chekundu, kama maiti ya mtu mkubwa.

"Mama," nikamwuliza wifi kwa upole, "mimi mgeni, nisamehe. Mbona huo mwiko umelika upande mmoja? Kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea."

Mtunza makumbusho akageuka haraka. "Hata mimi nimekuwa nikitaka kuuliza hilo."

Wifi hakuwa amejiandaa. Nilimwona akitafuta. "Panya," akasema.

"Panya?"

"Panya wa zamani walikuwa wakubwa."

Mstaafu wa posta akainama akauchungulia. "Panya huyo alikuwa na adabu. Amekula upande mmoja tu, na hakuacha alama ya jino."

Mtunza makumbusho akaandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari. Sikujua ameandika nini. Akafungua kabati, akautoa mwiko kwa mikono miwili, tukaelekea bustanini kwa ajili ya kupika.

Hapo nakubali nilitaka kulia, na si kwa sababu ya mwiko. Ile bustani iko dakika tatu tu kutoka uchochoroni. Nilizihesabu kwa miguu yangu mibovu. Kuna ziwa dogo katikati, kuna bata, kuna madaraja ya mbao, kuna kilima cha nyasi ambapo watu wamelala chali mchana kweupe kana kwamba hakuna anayewadai kazi. Miti mirefu imeandikwa majina kama wanafunzi. Ziwa hilo lilikuwepo miaka yote, kibao chao wenyewe kinasema limechimbwa kabla sijazaliwa. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nasikia bata, nikidhani ni wa muuza kuku.

"Mama mgeni amependa ziwa," wifi akawaambia wengine.

"Nimelipenda. Walioishi hapa miaka mingi wanafaidi."

"Wenye muda, ndiyo," akasema, akanipita.

Chini ya banda la kupikia, ng'ambo ya ziwa, moto wa kuni ulikuwa tayari. Sufuria ilikuwa ya kukodi, kubwa kama yangu, na maharage yamekwisha kuchemshwa na mpishi wa kukodi, yanangoja kuungwa. Kazi ya wifi ilikuwa kumimina vitunguu na nyanya zilizokaangwa tayari, kisha kila mgeni akoroge kidogo kwa ule mwiko wa kihistoria huku anapigwa picha. Mtunza makumbusho akakaa kwenye benchi, karatasi ya kibao cha shaba magotini.

"Nitakamilisha maneno leo," akasema. "Fundi wa shaba anakuja kuyachukua jioni."

Wageni wakaanza. Wa kwanza akakoroga kwa mkono wa kulia, akaguna. Wa pili naye akaguna. Mstaafu wa posta akajaribu, akausimamisha mwiko, akauangalia. "Huu una ukaidi. Unakataa kulala chini."

"Ni mikono yenu laini," wifi akasema. "Taratibu, mkono wa kulia, kama mimi nilivyokuwa nikifanya."

Zamu yangu ikafika.

Niliushika mwiko. Mpini wake ulinikumbuka. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kama mtoto anayemwona mama yake sokoni. Nikaurudisha chini, nikatumia wa kulia. Nikakoroga kama mtu anayefukuza nzi. Ule upande uliolika ulielea juu, ncha nzima haikugusa chini kabisa, na maharage ya chini yakaanza kushika.

Niliisikia harufu kabla ya wote. Jamani, acheni. Mtu aliyepika maisha yake yote kuacha maharage yaungue kwa makusudi ni sawa na kukaa juu ya kidonda. Lakini niliendelea, nikitabasamu, juu juu, juu juu.

Pua ya wifi ikacheza.

"Mama, fika chini," akasema.

"Nimefika."

"Hujafika. Unapapasa. Yanashika hayo!"

"Hayashiki. Ni moshi wa kuni." Nikageukia wageni. "Mimi sijui kupika sana, lakini huu mwiko si wa kupikia. Umelemaa. Kwetu mwiko kama huu tunazibulia mtaro."

"Fika chini, nimekwambia! Nyuma pale, kushoto, pana moto mkali!"

"Taratibu, mama, mkono wa kulia. Si umetufundisha mwenyewe? Au hivi ndivyo ulivyokuwa ukiwapa watu, makaa?"

Harufu sasa ilimfikia hadi mstaafu wa posta. Wifi alikuwa amekunja ngumi zote mbili. Shingo ilimvimba. Nikaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, ko, ko, ko, kitu alichokuwa akikichukia tangu nilipoolewa.

"Ushike kwa kushoto, mwanamke wewe!" akapasuka. "Miaka ishirini na miwili umekoroga na hilo shoto lako nyuma ya pazia langu, umekoroga mpaka mwiko ukalemaa, hujaunguza hata siku moja, leo umekuja kujifanya kilema mbele ya wageni wangu? Ushike kwa kushoto uyaokoe hayo maharage!"

Bata mmoja akalia.

Nikahamisha mkono. Mwiko ukalala kwenye kitako cha sufuria kama kichwa kwenye mto wake. Nikakwangua mara tatu, nikageuza, nikaondoa kuni moja kwa mguu.

Mtunza makumbusho alisimama polepole. "Mama Mkahawa," akasema, "umesema nani alikoroga?"

"Huyu... huyu alikuwa msaidizi wangu."

"Msaidizi ndiye aliyeulemaza mwiko?"

"Mara moja moja alinisaidia."

"Miaka ishirini na miwili," akasema mstaafu wa posta, "ni mara moja moja nyingi."

Mtunza makumbusho akasogea, akauangalia mkono wangu, akaangalia ncha ya mwiko inavyokaa, akafungua daftari. Nikaona alichokipigia mstari kule ndani: *Panya?* Sasa akakifuta.

Nilidhani wifi atakana mpaka mwisho. Badala yake alivua shali akaitupa benchini.

"Na nani angekula?" akanifokea, si mimi tu, wote. "Semeni! Wangeuona ule mkono tungefunga siku ya pili. Nilisimama mbele miaka ishirini na miwili nikicheka na watu nisiowapenda. Nilivimba miguu. Wanaume walinishika kiuno nikaendelea kucheka ili wateja wasihame. Huyu alikaa nyuma anaimba! Hicho nani atakiandika kwenye shaba?"

Nilikaribia kumhurumia. Nilikaribia kabisa, na sioni aibu kulisema. Kisha nikakumbuka udongo wa kaburi ambao haujakauka.

"Nilikuwa siimbi," nikamwambia. "Nilikuwa nahesabu nani amekuja na nani hajaja, kwa sauti zao. Sura za watu hao sizijui hata leo. Wewe unazijua. Basi baki nazo."

"Nitabaki nazo! Na jina ni langu. Watu wananijua mimi."

Mtunza makumbusho akainua kalamu, kama mwalimu anayetenganisha watoto. "Basi niandike majina yote mawili, ya wote wawili kuwa wapishi?"

"Hapana!" tukasema pamoja. Kwa miaka yote ya uwifi wetu, hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Nikavua mfuko wa paka. Nikatoa pazia, nikalikung'uta, maua ya njano yakafunguka mbele ya ziwa. Lilikuwa na alama ya mafuta kwenye kona, pale mkono wa wifi ulipolishika kila siku akilifungua na kulifunga.

Wifi aliliangalia.

"Mwanangu," nikamwambia mtunza makumbusho, "lichukue na hili, ulitundike kwenye kabati lako, mbele ya sufuria. Sufuria na mwiko andika jina langu, na uweke Mashoto, kwa herufi kubwa, mtu asije akadhani ni kosa la fundi. Halafu chini yake andika: Pazia hili lilishikwa na wifi yake."

Mtunza makumbusho aliandika. Alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili, kwa hiyo alimgeukia wifi. "Ni kweli, mama? Pazia ni lako?"

Ningependa kusema wifi yangu alilia, au alinipa mkono. Alinitazama kwa chuki safi, isiyochanganywa na maji, na akaitazama ile alama ya mafuta kwa muda mrefu.

"Nililinunua kwa hela yangu," akasema. "Andika na hilo."

Likaandikwa na hilo.

Wageni walikula wamesimama, sahani mikononi, wakiangalia bata kwa bidii ili wasituangalie sisi. Wifi alikaa mwisho wa benchi, mimi mwisho mwingine, kati yetu pangekaa watu wanne. Alimaliza sahani ya kwanza. Akainuka, akajipakulia ya pili mwenyewe, akarudi kukaa pale pale, wala hakusogea hata shubiri moja.

"Yameungua," akasema, akiliangalia ziwa.

"Kidogo," nikamjibu. "Ulichelewa kusema."